Ondoka Kwanza, Kisha Uwashe

Kila kasha la fataki linalouzwa kihalali nchini Marekani huwa limechapishwa onyo ubavuni kwa herufi kubwa. Kwa Kiswahili, onyo lililozoeleka zaidi lingesomeka hivi: washa utambi, kisha uondoke. Ni maneno machache ambayo hata mtoto wa darasa la pili aweza kuyasoma. Hata hivyo, mwuguzi mmoja mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka kadhaa amehudumu katika kitengo cha dharura cha hospitali moja jimboni Ohio, alifikia kuamini kwamba kasoro imo katika mpangilio wa maneno yenyewe. Mtu aliyekwisha kuuwasha utambi amekwisha kuukaribia moto. Kuondoka kwake sasa ni mbio, na mbio za gizani hazina hakika.

Kanuni za nchi hiyo zinautaka utambi wa fataki za kawaida uungue kwa muda usiopungua sekunde 3 na usiozidi sekunde 9. Sekunde 3 zamtosha kijana mwepesi, aliye macho, anayekimbia juu ya ardhi tambarare isiyo na umande. Hazimtoshi mzee mwenye magoti mabovu, wala mlevi, wala baba anayegeuka katikati ya mbio kumtazama mwanawe. Mwuguzi aliwajua wote hao. Aghalabu walimfikia usiku wa manane, tarehe 4 Julai ikigeuka kuwa tarehe 5, mkono mmoja umefungwa kwa taulo la jikoni na uso umeduwaa. Wengi walianza maelezo yao kwa maneno yaleyale: nilidhani umezimika.

Takwimu za Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa zinaonyesha kwamba hao hawakuwa wachache. Mwaka wa 2023 tume hiyo ilihesabu vifo 8 na kukadiria majeruhi 9,700 wa fataki. Mwaka wa 2024 vifo vilikuwa 11, na majeruhi wakakadiriwa kuwa 14,700. Viungo vinavyoumia zaidi ni viganja na vidole, kisha kichwa, uso na masikio. Wala wepesi wa mwili si kinga. Tarehe 4 Julai 2015, Jason Pierre-Paul, mchezaji maarufu wa kandanda ya Kimarekani katika timu ya New York Giants, aliumizwa vibaya na fataki mkono wa kulia, na kidole chake cha shahada kikakatwa. Ikiwa mtu ambaye riziki yake ilitegemea kasi ya mwili hakuiwahi baruti, nani mwingine ajisifu kwamba ataiwahi?

Jambo hili lingebaki kuwa la kazini tu, lau asingalihamia jirani yake mama mmoja kutoka Kivu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mama huyo alikuwa ameishi kambini miaka mingi kabla ya kufika Ohio na wanawe watatu pamoja na mpwa wake. Julai yake ya kwanza ugenini, milio ilipoanza kutanda mtaani jua lilipotua, aliwakusanya watoto, akawalaza chini ya meza, akazima taa zote. Mwuguzi aliyaona madirisha yakiingia giza moja baada ya jingine, akaelewa. Alibisha hodi, akajitambulisha kwa Kiswahili kupitia mlango uliofungwa, akasema, "Mama, usiogope. Si bunduki. Ni fataki tu."

Mlango ulifunguliwa kidogo. "Fataki ya nini?" mama akauliza.

Swali hilo lilimkaa mwuguzi moyoni. Fataki ni vitu vya sherehe, lakini pia ni kile kidude kinachowasha baruti ndani ya risasi. Neno alilolichukua kuwa dawa ya hofu lilikuwa limebeba bunduki mgongoni. Akajaribu fashifashi, neno ambalo bibi yake alilitumia, lakini mama wa Kivu hakuwahi kulisikia. Mwishowe alimwambia kwamba ni moto wa furaha, unaorushwa juu ili watu wautazame. Mama alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemhurumia mgeni mwenzake. Watoto walibaki chini ya meza.

Miaka miwili baadaye watoto hao walikuwa wamekwisha kutoka chini ya meza na kwenda dirishani, na kutoka dirishani hadi barazani. Mpwa alikuwa ametimiza miaka 20 na kuajiriwa ghalani. Sheria ya Ohio nayo ilikuwa imebadilika. Hapo awali mnunuzi wa fataki kubwa alitia sahihi ahadi kwamba angezitoa nje ya jimbo katika muda wa saa 48, ahadi ambayo wengi hawakuitimiza. Tangu tarehe 1 Julai 2022, aliyetimiza miaka 18 anaruhusiwa kuzirusha katika siku zilizotajwa na sheria, tarehe 4 Julai na Diwali zikiwa miongoni mwazo, isipokuwa pale ambapo mji wenyewe umekataza. Mpwa alinunua makasha kadhaa. Mtoto wa kwanza wa mama, mwenye miaka 13, akaanza kumwandama mwuguzi.

"Papa," alisema, kwa adabu ya watoto wa Kongo wanavyowaita watu wazima, "mimi nimekuwa mkubwa. Niwashe moja tu."

Wahenga walisema kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Hapana shaka methali hiyo ina hekima yake: wembe humkata mtoto, naye hujifunza, na jeraha hupona. Lakini mwuguzi alikuwa amefunga majeraha mengi mno kuweza kuikubali pasipo masharti. Kuna nyembe ambazo somo lake hugharimu kidole. Hata vijiti vya cheche, ambavyo watu wazima huwapa watoto wakidhani ni vya kuchezea, huungua kwa joto linalofikia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kwa upande mwingine, alijua kwamba kumkataza kijana tu ni kumpeleka kwa rafiki asiye na mkatazi. Basi hakutoa wembe, wala hakuuficha. Alifungua sanduku alilokuwa ameliweka kabatini, akamwonyesha kijana mtambo wa kufyatulia fataki kwa umeme.

Mtambo wenyewe hauna miujiza. Kuna kisanduku chenye betri na matundu ya kuunganishia waya, yaliyotiwa nambari 1 hadi 12. Kuna rimoti yenye vitufe vya nambari zizo hizo. Kutoka kila tundu hutoka jozi ya waya mwembamba, na mwishoni mwa jozi kuna kibanio kidogo cha plastiki ambacho ndani yake umepita uzi wa nikromu. Kibanio huubana utambi. Kitufe kikibonyezwa, umeme hupita; uzi huukinza mkondo, hugeuka mwekundu kama koili ya jiko la umeme, na utambi hushika moto. Wataalamu wa maonyesho makubwa hutumia viwashio vya namna nyingine, ambavyo ncha yake imepakwa kemikali inayowaka mara moja. Nchini Marekani viwashio hivyo huhesabiwa miongoni mwa vilipuzi, na mtu hawezi kuvimiliki bila leseni au kibali cha serikali kuu. Kibanio cha nikromu hakina baruti yoyote. Hasara yake ni kuchelewa kidogo, kwani uzi sharti upate moto kwanza, kisha utambi nao uungue.

Mama alipouliza kidude hicho ni cha nini, mwuguzi hakumweleza habari za nikromu. "Mama, huu waya ni mkono mrefu," alisema. "Moto unabaki kule, vidole vinabaki huku. Kasha linasema washa kisha uondoke. Sisi tutaondoka kwanza, kisha tuwashe."

Mama aliyarudia maneno hayo taratibu. "Ondoka kwanza. Hiyo ninaijua," akasema. Aliyeokoa watoto wake kwa kuondoka mapema hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Alasiri ya tarehe 4 walikwenda shambani kwa mfanyakazi mwenza wa mwuguzi, nje ya mji, ambako nyasi zilikuwa zimekatwa na nyumba zilikuwa mbali. Vijana walitarajia sherehe, wakapewa kazi. Kila kasha lilifungwa imara juu ya ubao mpana, na kila ubao ukawekewa mifuko ya mchanga pande zote, maana kasha likianguka likiwa linafyatua huelekeza moto kwa watazamaji. Mizinga ya kurushia matufe ilisimamishwa ndani ya fremu ya mbao iliyopigiliwa kwenye vigingi. Ndoo za maji zikapangwa. Upepo ulipimwa kwa kurusha nyasi kavu hewani, na viti vikapangwa upande unakotoka upepo.

Kisha wakaja kwenye umbali. Matufe yanayoruhusiwa kwa watu wa kawaida hayazidi kipenyo cha inchi 1.75, yaani milimita 44 hivi. Wataalamu wana kanuni ya kutenga futi 70 kwa kila inchi ya mzinga. Mwuguzi alimpa kijana kalamu apige hesabu. Akapata futi 122 na nusu, karibu mita 37. "Basi tukae mita 40," kijana akasema. Mwuguzi alimwambia ahesabu 60. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba kanuni imeandikwa na watu waliozoea, nao walikuwa hawajazoea.

Kazi ya kuunganisha waya ilikuwa na sharti moja ambalo mwuguzi hakulilegeza hata mara moja. Kisanduku kina ufunguo. Bila huo, hakuna kitufe kinachofanya kazi. Ufunguo hauachwi kisandukuni, wala haupewi mtu mwingine autunze. Hukaa mfukoni mwa yule anayeinama juu ya fataki. Kwa njia hiyo hakuna awezaye kuwasha, kwa kusahau au kwa utani, wakati mikono ya mwenzake ingali kule. Kila alipoinama kubana kibanio, mpwa aliusikia ufunguo ukimgonga pajani, na mara ya tatu akacheka, akasema kwamba sasa ameelewa kwa nini mzee huyu huulizia ufunguo kila dakika. Walipomaliza, wote walirudi hadi kwenye viti, wakahesabiana, ndipo mwuguzi akapima. Kupima hupitisha mkondo hafifu usioweza kuwasha, nao huonyesha kwa taa ndogo kama waya umeunganika. Hata hivyo hakumruhusu yeyote kuwa karibu na fataki wakati wa kupima. Taa 12 ziliwaka. Kijana alipiga makofi kana kwamba maonyesho yamekwisha kuanza.

Mama alifika jioni, shali mabegani, akaketi kiti cha nyuma kabisa. Alikuja, alisema, ili watoto wasimwone akiogopa nyumbani peke yake. Hapo ndipo mwuguzi alipofanya jambo ambalo halimo katika maelezo ya mtambo wowote. Alimwambia mama kwamba kabla ya kila mlio, kijana atataja nambari kwa sauti. Hakuna mlio utakaokuja bila kutajwa.

"Moja!" kijana aliita. Kitufe kikabonyezwa. Ukimya wa sekunde kadhaa, kisha nuru ya kijani ikafunguka juu ya shamba, na mlio ukafuata. Mama aliruka kitini. "Mbili!" Aliruka tena. Nambari ya tano ilipotajwa, aliziba masikio mapema, akangoja, akatazama. Nambari ya sita aliitaja pamoja na mwanawe.

"Saba!"

Sekunde zikapita. Hapakuwa na kitu.

Mpwa aliinuka papo hapo. "Waya umechomoka," alisema. "Niende niubane, ni dakika moja tu." Alikuwa amekwisha kupiga hatua mbili. Mwuguzi hakupaza sauti. Alimshika mkono, akamwambia aketi, kisha akamwashiria kijana aendelee.

Nane, tisa, hadi kumi na mbili. Matufe yalipanda, yakapasuka, yakazimika juu ya shamba, na katikati ya ubao kasha la saba likabaki limenyamaza. Laiti wangalikuwa wakiwasha kwa kiberiti, ili kuifikia ya nane ingewabidi wapite kando ya lile lililonyamaza, gizani, macho yakiwa bado yamepofushwa na nuru ya sita. Waliolala kitandani hospitalini walipita hapo hapo.

Onyesho lilipokwisha mwuguzi alizima mtambo, akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni, akatazama saa yake. "Dakika 20," alisema. Vijana waliguna. Kungoja dakika 20 mbele ya shamba tupu ni adhabu kubwa kwa mtu wa miaka 13. Utambi waweza kufukuta ndani kwa ndani bila moshi kuonekana, na hakuna mtambo unaoweza kumwambia mtu kwamba umezimika kabisa; taa huonyesha waya tu, haionyeshi moto. Subira ndiyo sehemu ya mtambo isiyouzwa dukani.

Ili kuupitisha muda huo, mwuguzi aliwasimulia kisa cha San Diego. Tarehe 4 Julai 2012, mji huo ulikuwa umeandaa maonyesho ya takriban dakika 18 katika ghuba yake, fataki zikiwa zimepakiwa juu ya mashua za kubebea mizigo. Watu kwa maelfu walijaa ufuoni. Kabla tu ya wakati, kukatokea hitilafu katika programu ya kompyuta iliyoongoza ufyatuaji, na fataki zote zikalipuka kwa pamoja. Katika muda usiofika nusu dakika kila kitu kilikuwa kimekwisha.

"Watu wangapi walikufa?" mama akauliza.

"Hakuna," alijibu mwuguzi. "Hata majeruhi hapakuwa na mmoja."

Wote walinyamaza wakilitafakari hilo. Umeme ulikuwa umewasaliti watu wa San Diego, kompyuta ilikuwa imekosea kosa kubwa kuliko lolote ambalo mkono wenye kiberiti ungeweza kulifanya, na bado kila mtu alirudi nyumbani na vidole vyake kumi. Kilichowaokoa ni maji yaliyokuwa kati yao na baruti. Mtambo si malaika mlinzi. Hukosea, waya huchomoka, betri huisha. Thamani yake yote imo katika jambo moja, nalo ni kwamba humruhusu mtu awe mbali kabla moto haujaanza. Anayeununua, kisha akasimama hatua tano kutoka kwenye fataki kwa kuwa ana rimoti mkononi, amenunua kiberiti cha bei ghali.

Dakika 20 zilipotimia mwuguzi alikwenda peke yake, ufunguo mfukoni, taa kichwani. Alilikaribia kasha kwa ubavu, bila kuinama juu ya mdomo wake, akalimwagia maji hadi likatota, kisha akalizamisha ndani ya ndoo na kuliacha humo hadi asubuhi. Hapakuwa na mlipuko wala cheche. Wageni walikuwa wakipiga miayo. Njiani kurudi, mpwa alilalamika kwamba wamepoteza dola kadhaa majini kwa hofu ya bure.

Asubuhi yake kijana alibisha hodi mapema. Alitaka kuiona ndoo. Walilitoa kasha lililolowa, wakachunguza utambi, wakakuta kibanio kilikuwa kimeteleza hadi pembeni, uzi wa nikromu umeugusa utambi kwa ncha tu. Alama nyeusi ndogo, isiyozidi chembe ya mchele, ilionyesha mahali moto ulipoanza kushika.

"Papa, kumbe uliwaka," kijana alisema.

"Uliwaka kidogo."

"Ukazimika lini?"

Mwuguzi hakuwa na jibu, na hilo ndilo lililokuwa jibu. Kijana aliutazama utambi kwa muda mrefu, kisha akaingiza mikono mfukoni kana kwamba kuna baridi.

Jioni hiyo mwuguzi aliripoti kazini. Katika chumba cha tatu alilala mtu wa makamo, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiko. Alianza kusimulia kabla hajaulizwa: rafiki zake, nyuma ya nyumba, kasha lililonyamaza, hatua mbili mbele ili aangalie. Alisimulia vizuri, kwa mpangilio, kama mtu atakayekisimulia kisa hicho maisha yake yote. Mwuguzi alimsikiliza huku akibadilisha bandeji.

Kule mtaani, mama wa Kivu aliulizwa na wanawake wenzake namna alivyoipitisha sikukuu. Aliwaambia kwamba waliketi shambani, wakahesabu hadi kumi na mbili, wakarudi kulala. Walingoja aendelee. Hakuwa na la kuongeza.